Boksi la Land Cruiser 79: choo na shawa chumba kimoja, au vitenganishwe?

LC79_Kampala

Habari za humu ndugu zangu. Fundi wa bodi pale Katwe ameshamaliza fremu ya boksi la kuishi litakalokaa mgongoni mwa Land Cruiser 79 ya kebini moja. Ndani kwa ndani ni sm 250 kwa 175, kimo 195, kitanda kiko juu ya kichwa cha gari. Tuko watu wazima wawili na mtoto wa miaka sita. Tangi la maji safi ni lita 80, la maji machafu lita 40. Safari zetu ni Fort Portal, hifadhi ya Queen Elizabeth, Kabale, na hifadhi ya Kidepo wakati wa kiangazi.

Nimekwama kwenye bafu. Mpango wa kwanza ni chumba kimoja cha sm 75 kwa 90, choo na shawa humo humo, kila kitu kinalowa. Wa pili ni choo kivyake na shawa kivyake, kizigeu katikati, jumla sm 70 kwa 145. Mke wangu anataka wa pili, hataki kuingia chooni usiku akakanyaga maji. Fundi anang'ang'ania wa kwanza, ila namshuku anakwepa kazi. Choo chenyewe sijanunua. Nishaurini.

FundiFaiba

Ssebo (bwana), fundi wako hakwepi kazi. Piga hesabu ya sakafu: 250 kwa 175 ni mita za mraba 4.4 hivi. Chumba kimoja kinakula 0.68, yaani asilimia 15. Viwili vinakula mita moja ya mraba na kidogo, asilimia 23. Tofauti hiyo ni friji, au kabati zima la nguo. Na shawa utakayobaki nayo itakuwa ya sm 65 kwa 70. Mtu mzima akiinama kuosha miguu, makalio yanagonga ukuta. Shawa iliyofungwa pande zote usiijenge chini ya 70 kwa 70. Ungekuwa na Canter yenye boksi la mita nne ningekuambia tenganisha bila kufikiri mara mbili. Kwenye 79, hapana.

Mama watoto ana hoja, lakini dawa ya hoja yake ni kukausha. Mwisho wa kuoga, pitisha mpira wa kufutia vioo ukutani kutoka juu kwenda chini, kisha sakafu, halafu kitambaa cha maikrofaiba kwenye kifuniko cha choo na pembeni. Dakika mbili, na maji mengi yameshaondoka. Yaliyobaki iachie feni. Ya kompyuta, mm 120, volti 12, inakula ampea 0.2 hadi 0.3 tu, kwa hiyo hata ikizunguka usiku kucha betri haitahisi. Ila hewa lazima iwe na pa kuingilia: acha upenyo wa sm 2 chini ya mlango, juu tu ya kizingiti, feni ivute kutoka darini. Bila upenyo huo feni inazunguka bure, na watu wengi wanailaumu feni. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, hewa ya nje yenyewe imejaa unyevu, kwa hiyo kufuta kwa mkono ndiko kutakuokoa na ukungu. Sakafuni tandika chaga ya plastiki yenye kimo cha sm 2. Miguu ya usiku haitagusa maji.

Jambo ambalo hukuuliza ni maji. Kichwa cha shawa cha lita 4 na nusu kwa dakika, mtu akijilowesha, akafunga, akajipaka sabuni, akafungua tena kusuuza, ni dakika mbili, lita 9. Watatu ni 27. Ongeza 15 za kunywa na kupika, 6 za vyombo, unafika 48 kwa siku. Tangi lako halimalizi siku ya pili. Na lile la machafu la lita 40 linajaa kabla ya siku hiyo ya pili kuisha. Kizigeu hakiongezi tone hata moja.

Nnyabo_wa_Safari

Mmeanza na kuta, lakini choo ndicho kinachoamua. Ziko aina tatu, na si zote zinavumilia kulowa.

Choo cha kaseti kilichofungwa sakafuni ni plastiki tupu, kinalowa bila shida. Kaseti yake huwa lita 17 hadi 20, kwa watu watatu ni siku mbili, tatu mkijibana. Lakini kinahitaji mlango mdogo ukutani kwa nje wa kuitolea, na huo ni upenyo mwingine wa vumbi la murram. Tena vituo vya kumwagia kaseti kama vya Ulaya huku si vya kutegemea. Utaomba choo cha shimo kambini. Kwa sababu hiyo usitumie dawa yenye formalini, inaua vijidudu vinavyooza kinyesi. Tumia ya vimeng'enya.

Choo cha kutenganisha mkojo ndicho kitamu kwa Kidepo kwa sababu hakitumii maji. Kinyesi kinachanganywa na unga wa mbao, na pale Ndeeba kwenye mashine za mbao unapatikana tele. Lakini unga huo ukiingiliwa na maji ya shawa unakuwa uji, harufu inaanza na nzi wanafuata. Ukikitaka hiki, ama utenganishe vyumba kweli, ama ukitoe nje kila mtu anapooga.

Cha tatu ni cha kubebeka, kile cha ngazi mbili, tangi la chini lita 10 hadi 21. Hakifungwi, kinazuiwa na mikanda miwili. Wakati wa kuoga kinawekwa kwenye ujia, na ghafla una shawa ya 75 kwa 90 nzima. Hakilowi, na karatasi ya chooni hailowi. Kwa familia yenu mimi ningekichukua hiki bila wasiwasi, ila chukua tangi la lita 15. La 21 likijaa ni zaidi ya kilo 20, na kulishusha kwenye ngazi za boksi bila kujimwagia ni kazi ya watu wawili.

Karamoja4x4

Mimi napinga kidogo. Ndani weka choo tu, shawa iende nje. Milango miwili ya nyuma ukiifungua nyuzi 90 na kuning'iniza pazia la turubai katikati, una bafu kubwa kuliko yote mliyotaja, na ukungu hauna pa kukaa.

Maji ya moto hayahitaji hita. Lita 2 zinazochemka changanya na lita 6 za baridi ya nyuzi 20, unapata lita 8 za karibu nyuzi 39. Tia kwenye pampu ya kunyunyizia dawa shambani, ile ya kubeba mgongoni, badilisha pua yake na kichwa kidogo cha shawa. Iwe MPYA, isiyowahi kuonja dawa. Ya kuazima kwa jirani usiifikirie hata kama ameisuuza mara kumi.

Na hita ya gesi ya papo kwa papo isifungwe ndani ya bafu la boksi, wala ndani ya boksi lenyewe kama haina bomba la kutoa moshi nje. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na chumba cha ukubwa huo kinajaa mapema sana.

Choo cha ndani chenyewe hakina mjadala. Queen Elizabeth na Murchison viboko hutoka majini usiku kula majani na hupita katikati ya kambi. Hakuna anayeshuka garini saa nane za usiku kwenda haja. Kuoga nje, malizeni kabla ya jua kuzama.

FundiFaiba

Nje ni sawa Kidepo. Kabale usiku, karibu mita 2,000 juu, upepo ukipita chini ya hilo turubai utaniambia.

LC79_Kampala

Asanteni sana. Tumekubaliana nyumbani: chumba kimoja, choo cha kubebeka, na pampu ya mgongoni iwepo kwa Kidepo. Sasa fundi anasema atatandika bati la alumini sakafuni, ajaze silikoni kwenye kona, tundu la maji moja katikati. Yatosha?

FundiFaiba

Haitoshi. Hapo ndipo boksi nyingi huoza, na huoza chini ambako huoni.

Barabara ya murram yenye mikunjo inalitikisa boksi kwa saa nyingi. Ukuta na sakafu vinacheza kila kimoja kivyake. Silikoni kwenye kona kali inaachia upande mmoja, maji yanapenya, plaiwudi inavimba. Mwambie atengeneze trei ya faiba isiyo na kiungo. Plaiwudi ya marine (inayostahimili maji) ya mm 12, kavu kabisa, iinamishwe sm 1.5 hadi 2 kwa kila mita. Kona zote zijazwe zipate mviringo wa sm 2 au 3, maana mkeka wa faiba haulali kwenye kona ya nyuzi 90, unaacha hewa chini na hapo ndipo nyufa huanzia. Tabaka mbili za mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba, zipande ukutani sm 15 pande zote, na mlangoni iwe kizingiti cha sm 10. Kwa vipimo vyako ni kama kilo 1.2 za mkeka na kilo 3 za rezini, ile gundi ya majimaji inayoloweshwa mkeka. Nunua 4 ili ubaki na ya koti la juu. Kigumishi asilimia 1.5, sawa na ml 15 hivi kwa kilo, na achanganye nusu kilo nusu kilo, asubuhi. Jua la saa saba likiwaka, ndoo nzima itaganda mkononi mwake.

Ukuta tumia alukobondi ya mm 3, ile ya watengeneza mabango, kipande kimoja kila upande. Usikubali mbao nyembamba za PVC za dari, kila kiungo ni mfereji. Ukuta ushuke NDANI ya ukingo wa trei, kama bati la juu linavyolalia la chini, maji yadondokee kwenye trei hata gundi ikishindwa. Acha nafasi ya mm 3 au 4, ijazwe gundi ya poliurethani, ambayo hunyumbuka.

Tundu la katikati ni kosa, kwa sababu gari halisimami sawa kambini. Weka mawili ya mm 40 kwenye kona mbili za nyuma, yaungane chini, sakafu iinamie huko. Lile bomba la kona la nyumbani linaloshika maji ya kuzuia harufu halifai, maji yake yanamwagika njiani na harufu ya tangi inapanda. Weka vali ya kufunga kwa mkono kabla ya tangi, ifungwe kila mnapoanza safari.

Kabla ya kufunga kuta, ziba matundu, mwaga maji sm 3, yaache saa 24, kisha ulale chini ya boksi na tochi. Ndoo moja ya lita 20 yatosha.

Nnyabo_wa_Safari

Na kabla hajakata chochote, simamisha makaratasi ya boksi kwa vipimo hivyo, weka jerikani mahali pa choo, ukae. Mbele ya magoti ibaki angalau sm 10 mlango ukiwa umefungwa. Halafu mlango ufungukie nje, mtoto akiteleza ndani muweze kuufungua.