Toleo la kwanza la riwaya: mali, au jina tu?

Hoja: Mtu anauza kitabu cha mwisho cha Harry Potter, toleo la Marekani la 2007, kwa bei ya kuruka, eti kwa kuwa ni "toleo la kwanza". Ana haki?

Muuza Vitabu: Hana. Wachapishaji wake, Scholastic, walianza na nakala milioni 12, kwa hiyo kimejaa kila kona. Kile cha kwanza kabisa, Bloomsbury, London 1997, chenye jalada gumu kilichapwa nakala 500 tu, nyingi zikaenda maktaba. Moja ilipigwa mnada Desemba 2021 kwa dola 471,000. Watu wananunua uhaba.

Mkusanyaji: Sawa mkuu, ila umeruka kitu. Toleo si chapa: toleo moja huchapwa mara nyingi, na kila mara ni chapa mpya. Fungua ukurasa wa hakimiliki uangalie mstari wa namba: ya 1997 inatoka 10 hadi 1. Ikiishia 2, hiyo ni chapa ya pili. Halafu ukurasa wa 53, kwenye orodha ya vifaa vya shule, "1 wand" (fimbo moja ya uchawi) imejirudia. Ila usinunue kwa kosa hilo peke yake, namba kwanza.

Msomaji wa Pwani: Kwa vitabu vya huku mtasubiri sana huo mstari. Weep Not, Child ilitoka Heinemann 1964 kwa jina la James Ngugi, ndilo la zamani la Ngũgĩ wa Thiong'o, na wengi wakiliona jina hilo wanatoa pesa. Lilibaki kwenye chapa za baadaye pia! Geuza ukurasa wa jina la kitabu: ukikuta "Reprinted" (kimechapwa tena) na miaka chini yake, rudisha.

Mhifadhi: Nanyi mnasahau karatasi ya nje inayovishwa juu ya jalada gumu. Paradise ya Gurnah, Hamish Hamilton 1994, ilianza kusakwa baada ya yeye kushinda Nobel ya Fasihi ya 2021. Bila karatasi hiyo bei inaanguka vibaya, na pembe yenye bei ikiwa imekatwa inapungua pia. Ikichanika usiweke selotepu: gundi yake inageuka njano na kuzama ndani. Ivishe plastiki safi isiyo na gundi. Na kwa unyevu wa pwani, usikibananishe na ukuta. Madoa ya kahawia yakishaingia hayafutiki.

Mkusanyaji: Na mhuri wa maktaba?

Muuza Vitabu: Kwenye zile 500 wanunuzi wanauvumilia, maana hawana pa kuchagua. Kwenye Paradise, mimi siigusi.