Tupeane uzoefu: Uliyefika mapori ya mbali, nini hukukitegemea?

Wakuu, habari za jioni. Siongelei Mikumi ya kuchungulia dirishani ukiwa kwenye basi. Naongelea kule ambako simu haishiki mtandao na dereva anaanza kuhesabu madumu ya dizeli. Naanza mwenyewe.

Oktoba mwaka juzi nilikuwa Mpanda kikazi. Jumamosi tukachanga watu wanne, tukakodi hardtop, tukashuka Sitalike kuingia Hifadhi ya Katavi. Nimetupia jinzi ya bluu na fulana nyeusi, mambo ya picha hayo. Askari aliyepanda na bunduki yake alinitazama, akacheka, akanyamaza. Nusu saa baadaye nikajua alichekea nini. Ndorobo, wale mbung'o! Wanapenda bluu na nyeusi kuliko rangi zote, ndiyo maana mitego yao iliyotundikwa mitini ni vitambaa vya rangi hizo hizo vyenye sumu. Mimi nikawa mtego unaotembea, ila sina sumu. Jinzi anaipenya kama sindano. Unampiga anaanguka, unajua kafa, kumbe anajikung'uta anarudi. Tukafunga vioo, joto likatushinda, tukafungua.

Kisha Mto Katuma. Nilitegemea mto. Nikakuta dimbwi la tope, na ndani yake viboko wamebanana hadi migongo inagusana, harufu ilishatupokea tukiwa bado njiani. Aliyekuwa karibu yetu alikuwa na kidonda kibichi begani, urefu wa mkono wangu, na tope lililokaukia pembeni yake lilikuwa linapasuka kila akivuta pumzi. Askari akasema maji yanavyopungua ndivyo madume wanavyoumana kugombania nafasi. Kwenye kingo kuna mashimo, na humo mamba wamerundikana wanasubiri mvua. Nilikuwa na kamera ya kuazima, kazi yake ilikuwa hiyo tu, lakini nilipiga picha tatu nikaifunga. Nilijiona kama nimeingia wodini bila hodi.

Haya, karibuni.

Mtu wa Ujiji
Mimi yangu ni ya Mahale, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, na naomba msinicheke. Kule huendi kwa gari hadi ndani, ni boti. Tulitoka Kigoma, siku nzima juu ya maji, na mjanja mmoja akaona huo ndio wakati wa kutukumbusha kuwa Tanganyika ina kina cha mita 1,470. Upepo ukanipiga vizuri.

Kesho yake mwongozaji anagawa barakoa, anataja masharti: msiwasogelee sokwe, muda ni saa moja tu, na mwenye mafua haendi. Wajapani wanawafuatilia sokwe wale tangu 1965, na mwaka 2006 maradhi ya kifua yaliua kadhaa, kwa hiyo pale hakuna utani. Nikapiga chafya. Moja! Nikasema ni vumbi. "Vumbi gani ufukweni, kaka?" Nikabaki kambini nakula migebuka huku nawasikia sokwe wanapiga kelele mlimani. Nilinuna wiki mbili. Pesa haikurudi, na kusema ukweli sikustahili irudi. Nilijua toka usiku kuwa naumwa.

Katambuga
Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano. Tulianza saa sita usiku ili jua lisitukute juu. Mita 2,962, nikajisemea mimi Kilimanjaro nimefika, huu ni mlima gani! Kilimanjaro kuna njia, jamani. Huku ni majivu, unapanda hatua mbili unarudi moja. Kijana wa Kimasai aliyetuongoza alivaa katambuga za tairi, mimi buti za laki mbili na nusu. Kisieni nani aliteleza. Kushuka nilishukia makalio, suruali niliiacha kijijini Engare Sero.

Mwenye Maswali
Lava uliiona, mkuu?

Katambuga
Niliona magoti yangu tu.

Wa Nairobi
Nawasalimu watu wa Bongo. Mimi nilienda Loiyangalani, Ziwa Turkana, kupitia Marsabit na jangwa la Chalbi. Nilionywa juu ya joto, nikaonywa juu ya maji ya kunywa. Upepo hakuna aliyeutaja. Saa nane usiku nimetoka haja ndogo, nageuka hivi, hema linaenda na begi langu ndani. Asubuhi watoto walinionyesha limenasa kwenye mikoche. Kurudi nilipata lori la samaki, nikakaa juu ya magunia. Hilo koti nililovaa mke wangu hajaliruhusu kuingia ndani mpaka leo.

Mkazi wa Sitalike
Nawasoma tu nacheka. Mleta mada, hicho ulichokodia gari ndiyo njia yetu ya shamba. Viboko wanatoka mtoni usiku kula, alfajiri wanarudi, na sisi alfajiri ndiyo tunatoka. Jinzi ya bluu hata mtoto wa darasa la kwanza hapa havai kwenda porini, ungeuliza.

Mleta mada
Pole zangu, mkuu, nimekubali. Sasa mkimkuta kiboko amesimama njiani mnafanyaje?

Mkazi wa Sitalike
Unarudi nyuma polepole, halafu unangoja. Na usisimame kati yake na maji. Mama yangu aliwahi kungoja mpaka saa tatu asubuhi, ndoo ya mahindi iko kichwani. Hakuitua, aliogopa itapiga kelele.