Tairi kubwa kwa Land Rover Series III ya 88: 7.50R16, 235/85R16 au 265/75R16?

Mkulima_Molo
Wadau, gari ni Series III fupi (88 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), petroli lita 2.25, springi za bapa za kiwandani, haijainuliwa. Sasa inavaa 205R16 kwenye rimu zake za asili za inchi 5. Kazi yake ni Nakuru–Molo kila wiki, barabara za shamba upande wa Mau, na mara moja moja tambarare za Kano wakati wa mvua. Difu (gia za katikati ya ekseli) inaparuza mgongo wa barabara. Niko kati ya 7.50R16, 235/85R16 na 265/75R16. Ipi inaingia bila kukata bodi, na kipi kingine kinabadilishwa?

FundiBondeni
Anza na kipenyo, maana hizo namba huchanganya. 205R16 ni milimita 742 hivi. 235/85R16 ni 806, 265/75R16 ni 804, na 7.50R16 inazunguka hapo hapo kwenye 805 kutegemea mtengenezaji. Zote tatu zina urefu mmoja. Difu itapanda nusu ya tofauti, yaani milimita 32, basi. Ukitegemea muujiza zaidi ya huo utavunjika moyo.

Kinachobaki cha kuchagua ni upana. 265 iondoe mapema: inataka rimu ya inchi 7 hadi 8, na ukikunja usukani hadi mwisho bega la tairi linasugua springi. Wengine hutafuta rimu zinazosukuma gurudumu nje. Hapo beringi za habu na pini za swiveli (kiungo kinachogeuza gurudumu la mbele) zinabeba mzigo ulio mbali nazo, matope yanaruka hadi kioo cha mbele, na usukani wa Series hauna pawa. Kuegesha mjini itakuwa mazoezi ya mabega.

Kapsokwony109
Naunga mkono, ila hata hizo mbili zilizobaki haziendi kwenye rimu za inchi 5. 7.50R16 inakubali kuanzia 5.5, na 235/85 kuanzia 6. Kwenye rimu nyembamba kuta zinabanwa, katikati panafura, na tairi inalika ukanda wa katikati huku pembeni pakiwa papya.

Rimu za 109, ile Land Rover ndefu, ni 5.5, tundu tano kwenye duara la inchi 6.5, zinafunga kwa 88 moja kwa moja. Hizo zinatosha 7.50. Ukiamua 235/85, rimu za Wolf, Defender ya jeshi, zina upana wa 6.5, lakini chuma chake ni kinene na boliti za Series ni fupi. Hesabu mizunguko unapofunga kwa mkono: nati ikishika chini ya tisa au kumi, badilisha boliti kwanza.

Hapo hapo angalia nati. Series za zamani zina boliti za 9/16 BSF (uzi wa Kiingereza, kwa inchi), za mwishoni M16 (milimita 16). Nati ya M16 inateleza juu ya boliti ya 9/16 bila kushika uzi, na kwenye sanduku la nati mchanganyiko zinafanana kama mapacha. Jaribu kila nati kwenye boliti yake kabla rimu haijapandishwa.

Matope_Ahero
Kwa udongo mweusi wa Kano, 7.50. Nyembamba inakata tope la juu na kufika kwenye udongo mgumu chini. Pana inapanda juu kidogo, halafu inaanza kuogelea, na gari linakwenda kando badala ya mbele.

Lakini upana si kitu kama meno ni mabaya. Tairi ya barabara zote ina nafasi ndogo kati ya meno, na udongo ule ukijaa unang'ang'ania humo: baada ya mita hamsini tairi ni laini kama chungu. Ya matope ina mapengo makubwa, inajitema yenyewe gurudumu likizunguka haraka. Kwa lami itakuimbia hadi Nakuru na itavuta breki polepole kwenye mvua. Chagua ugonjwa wako.

FundiBondeni
Hapo tunatofautiana kidogo, Matope. Mwenye gari ameandika Molo kila wiki na Kano mara moja moja. Lami ndiyo sehemu kubwa ya maisha ya tairi hiyo. Upande wa Mau ni vumbi la volkano, mawe na utelezi wa juu juu, na tairi ya barabara zote inatosha. Ya kuangalia ni kuta zake: ziwe za tabaka nene, kwa sababu mawe yale hutoboa ubavuni, na pancha ya ubavuni haizibwi.

Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya saizi hii hukaa sana dukani.

Mkulima_Molo
Asanteni. Fundi wa pancha anasema nitoe tyubu, tairi hizi zote siku hizi ni za bila tyubu. Ni kweli?

Kapsokwony109
Tairi nyingi ni kweli, ingawa baadhi ya 7.50R16 bado ni za tyubu; rimu ndiyo tatizo. Nyingi za Series zimeungwa kwa ribiti, na upepo unatoka polepole penye ribiti. Tena nyingi hazina kile kituta cha ndani kinachozuia ukingo wa tairi usiteleze. Weka tyubu, iliyoandikwa kwamba ni ya tairi za radial.

Kabla ya kuifunga: bandua stika zote ndani ya tairi, maana zinasugua tyubu hadi itoboke. Piga msasa kutu na makali ya tundu la vali. Paka poda. Jaza upepo, utoe wote, kisha ujaze tena ili mikunjo ifunguke. Fundi akiruka hatua hiyo, pancha ya kwanza itakuwa kwenye mkunjo.

Kwa barabara anza na paundi 25 mbele na 25 nyuma, 30 nyuma ukibeba mzigo. Kwenye tope usishuke chini ya 18 ukiwa na tyubu: tairi huzunguka juu ya rimu, tyubu inafuata, na vali inang'oka. Dalili ni vali iliyolala upande. Ukiiona hivyo, simama.

SpanaMkononi
Hamjagusa usukani. Tairi ya 7.50 inaingia 88, lakini lazima upime kwa springi iliyobanwa, wala si gari likiwa limesimama sakafuni. Panda gurudumu moja la mbele kwenye gogo la sentimita 25 hivi. Bandika donge la mfinyanzi kwenye springi na jingine kwenye chasisi, sehemu zilizo karibu na tairi. Kunja usukani hadi mwisho, rudisha, kisha angalia madonge. Likibaki nene chini ya milimita 20, legeza nati ya boliti ya kizuizi nyuma ya swiveli, toa boliti nje kidogo, kaza, pima tena. Rudia upande wa pili. Gari litageuka kwa duara kubwa zaidi, hilo halikwepeki.

Spidomita nayo itadanganya: ikisoma 80 utakuwa 87 hivi, kwa hiyo kaa macho kuelekea Salgaa. Gia zote zinakuwa ndefu kwa asilimia 8 au 9. Mlima wa Mau Summit uliokuwa wa gia ya nne utakuwa wa tatu. Nguvu ya breki ardhini nayo inapungua karibu asilimia 8 kwa mguu ule ule, na 88 ina dramu za inchi 10. Kwa mteremko wa Nandi Hills kwenda Chemelil, rekebisha viatu vya breki kabla ya tairi kuingia. Wanaotaka zaidi huweka dramu za inchi 11 za 109 mbele.

Shafti za nyuma za 88 zina meno 10 tu yanayoshika difu. Hazivunjiki kwa kuvuta polepole. Zinavunjika gurudumu linapozunguka hewani kwa kasi kisha likashika jiwe ghafla.

FundiBondeni
Nati: kaza kwa mtindo wa nyota, Nm 105 hivi, gari likiwa chini. Usipake grisi wala rangi kwenye koni ya nati. Kaza tena baada ya kilomita 80.

Mkulima_Molo
Basi ni 7.50R16 ya barabara zote, rimu za 109, tyubu. Bajeti ni ya nne. Ya tano kwenye boneti inaweza kubaki 205 kwa sasa?

Matope_Ahero
Nunua tano. Ukikwama bila hiyo, 205 iende mbele tu, na uendeshe kwa magurudumu mawili. Pancha ikiwa nyuma, toa tairi ya mbele uipeleke nyuma, kisha 205 mbele. Ukiiweka nyuma, gia ndogo za ndani ya difu zinazunguka njia nzima na kuchemka. Ukitumia magurudumu manne, mbele na nyuma zinavutana kwa sababu hakuna difu ya katikati, na mkono wa gia utakataa kutoka. Yaani ni jeki mara mbili, kwenye tope la Ahero, kwa tairi moja.