Dishi ya intaneti inakata kila saa, msaada wadau

Wadau niko Kilifi huku ndani ndani, dishi yangu ya setilaiti ilikuwa inakimbia vizuri tu tangu nifunge, sasa kila dakika chache inakata kama sekunde kumi halafu inarudi, kwa mkutano wa kazi watu wananiona nimeganda mdomo wazi 😅 ruta nishazima nikawasha mpaka nimechoka.

— Pole. Kuna mti karibu?

— Mwembe upo, ila nikifunga haukuwa unaziba.

— Basi mchawi ndio huyo, mvua imenyesha matawi yamejaa. Hizi setilaiti ziko kama kilomita 500 juu na hazitulii mahali pamoja kama zile za tivii, zinapita tu, moja ikijificha nyuma ya tawi ndio mtandao unakata. Fungua app ya dishi uone ramani ya vizuizi, penye wekundu ndio penye shida.

— Kabla ya panga cheki na waya, wangu panya alitafuna pale dirishani, wiki nzima nalaumu mawingu.

— Waya mzima, ila upande wa mwembe wote mwekundu! Mama kakataa katakata usiguswe, ati dodo zake. Nanunua bomba niipandishe dishi juu ya paa.