Cessna ya zamani kwa mtu wa Mtwara: kununua peke yako, kushirikiana au kukodi?

Mwana Shangani

Salaam wakuu. Huu ni mwaka wa nne nina leseni ya rubani binafsi, na ndege zote ninazorusha ni za watu. Ofisi yangu iko hapa Mtwara mjini, mikorosho iko Nachingwea, na kila mwezi lazima nionekane Dar. Kwa barabara siku nzima inaishia njiani. Kwa angani Nachingwea ni kama kilomita 150 na Dar kama 400, na Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, inakwenda kilomita 200 kwa saa.

Nimeonyeshwa 172 ya mwaka 1974, injini Lycoming O-320 yenye nguvu za farasi 150. Bei ninaiweza. Ninachoogopa ni kuimiliki, ndiyo maana nimekuja kwenu na hesabu yangu.

Nimeweka saa 90 kwa mwaka: Nachingwea mara mbili kwa mwezi, kila safari saa moja na dakika 45 kwenda na kurudi, pamoja na kupasha injini na kutembea kiwanjani, Dar mara moja, saa nne. Gharama ambazo nitazilipa niruke nisiruke, yaani bima, hanga, ukaguzi wa mwaka, vyeti vya TCAA (mamlaka yetu ya usafiri wa anga), nauli na malazi ya fundi, nimezikadiria dola 12,000. Mafuta ni lita 32 kwa saa, na nimechukulia dola 3 kwa lita mpaka pipa lifike hapa. Kufumua injini, yaani kuifungua yote na kuijenga upya, nimeweka dola 36,000, nikagawa kwa saa 2,000 ambazo mtengenezaji anasema ndipo ifumuliwe, nikapata dola 18 kwa saa. Jumla inakuja kama dola 247 kwa saa.

Ninunue peke yangu, nitafute wenzangu watatu tuchukue Cessna 206 ambayo ni kubwa zaidi, au niendelee kukodi na kupanda ndege za abiria?

Fundi wa Kiwanjani

Mkuu, umefanya vizuri kuhesabu nauli na malazi ya fundi, wengi hukumbuka siku fundi ameshafika. Ila mstari wa injini haujakaa sawa. Lycoming hawasemi saa 2,000 peke yake. Wanasema saa 2,000 au miaka 12, kinachotangulia ndicho. Kwa saa zako 90, miaka 12 inakupa saa 1,080 tu. Gawa 36,000 kwa 1,080: ni dola 33, siyo 18. Na kadiri unavyoruka kidogo ndivyo kila saa inavyokuwa ghali.

Jambo la pili ni hewa yetu. Kwenye injini hizi kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, imekaa juu ya kranki, mhimili mkuu unaozungusha propela. Ndege ikisimama, oili inachuruzika kwenda chini, chuma kinabaki kikavu na unyevu wa bahari unakifikia. Kutu ikishaota kwenye kamshafti, siku ukiwasha injini inaanza kujisaga yenyewe. Kuizungusha propela kwa mkono au kuwasha dakika tano pale chini hakusaidii, kunaongeza maji ndani. Dawa yake ni kuruka walau nusu saa, oili ipate moto wa kutosha ule unyevu utoke.

Bodi nayo iangalie. Cessna nyingi za miaka hiyo zilitoka kiwandani bila rangi ya kinga ndani ya mabawa. Fungua vile vifuniko vya ukaguzi chini ya bawa, ingiza mkono, pitisha kidole kwenye mbavu. Kidole kikitoka na unga mweupe kama chokaa, hiyo ni aluminiamu inaliwa. Ukiukuta unga huo kwenye mhimili mkuu wa bawa, mshukuru muuzaji uondoke zako.

Usisahau reli za viti. Kuna maelekezo ya lazima ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, namba 2011-10-09 (zamani yalikuwa 87-20-03), ya kuzikagua mara kwa mara, kwa sababu matundu yake yakilika kiti kinateleza kwenda nyuma wakati ndege inapaa, na rubani anavuta usukani ajishikilie. Watu wamekufa hivyo. Reli ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na injini, lakini usimruhusu mtu yeyote akwambie zitasubiri.

Babu wa Ligula

Mwanangu, nitakueleza yaliyotupata sisi, siyo ya kusikia. Tulikuwa watatu, tukanunua 172 ambayo vitabu vyake vilionyesha injini ina saa 900. Saa 900 tukaona bado mbichi. Mwaka wa kwanza mmoja wetu akahamishwa kikazi, mwingine akaugua, ndege ikakaa miezi minane karibu na bahari. Nilikuwa naenda kuifuta vumbi kila Jumamosi na nikiamini naitunza.

Tulipomleta fundi kwa ukaguzi alimwaga oili, akatoa filta, akaikata mzunguko kama unavyofungua kopo la maziwa. Ile karatasi ya ndani yenye mikunjo akaitandaza juu ya gazeti, akaipeleka juani. Ikawa inameta. Akachukua sumaku ndogo, akaipitisha juu yake, na vile vipande vya chuma kilichosagika vikasimama kwenye sumaku kama ndevu. Hakusema kitu. Alinipa ile sumaku niishike mwenyewe.

Injini ikashushwa na kupelekwa nje ya nchi. Kilichotuumiza zaidi ya bei ya karakana ni usafiri wa kwenda na kurudi, kodi, kusubiri vipuri, na bima tuliyoendelea kuilipia kwa ndege isiyo na injini. Karibu mwaka mzima. Aliyetuuzia alijua kwamba kabla yetu ilikuwa imesimama miaka. Ilikuwa kwenye vitabu vile vile, sisi hatukusoma tarehe, tulisoma saa.

Kwa hiyo mwanangu, ukifungua daftari la injini, usianze na jumla. Soma mwaka hadi mwaka iliruka saa ngapi.

Lindi Kwetu

Mnamtisha mwenzetu. Mimi nipo Lindi, na nakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar kule Somanga. Magari yalipanga foleni, watu wamelala humo na watoto, mizigo inaoza. Siku zile ungekuwa na ndege ndogo ungeona thamani yake. Kusini tumeishi na kukatika kwa njia muda mrefu, kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 mlijua wenyewe habari ya kivuko cha Rufiji. Viwanja tunavyo: Kikwetu, Nachingwea, Masasi, Kilwa Masoko. Nachingwea ni wa enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Inaniuma kuona viwanja vimekaa na sisi tunasota barabarani.

Rubani wa Kilwa

Lindi Kwetu, nakuunga mkono kuhusu viwanja. Lakini hali ya hewa inayokata barabara ndiyo hiyo hiyo inayoiweka 172 chini. Rubani anayeruka kwa kuona kwa macho hawezi kupita wingu la kimbunga. Mwenye ndege anaweza kuruka siku jua limerudi, siyo siku ya dhoruba.

Kuhusu mafuta, Mwana Shangani, hapo ndipo panapochosha. Ndege kubwa za abiria zinazotua Mtwara zinatumia Jet A-1, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa. Injini yako ya pistoni inataka avgas 100LL, petroli ya ndege, ile yenye rangi ya buluu. Ukiagiza kwa mapipa ya lita 200, pipa moja ni saa sita za kuruka. Injini ya farasi 150 ni ya mgandamizo mdogo, na Marekani kuna vibali vya kuiendesha kwa petroli ya gari isiyo na ethanoli. Usijaribu hapa mpaka TCAA wamekubali kibali hicho kwa ndege yako kwa maandishi, na bima wamejua.

Kuhusu 206: ni ndege ya kazi. Viti sita, injini Continental IO-520 ya farasi 300, na uzito wa juu kabisa kilo 1,633, wakati 172 yako ni 1,043. Kwenye 172 ukijaza matanki, watu wazima watatu na mikoba yao umemaliza. Lakini 206 inakunywa karibu lita 58 kwa saa, injini inafumuliwa kwa saa 1,700, na zile za zamani zina matanki ya mpira ndani ya bawa. Mpira ukijikunja, maji yanajificha kwenye mkunjo. Asubuhi unatoa mafuta kwenye kikombe cha kioo unaona buluu safi, unatikisa bawa, unatoa tena, tone la maji linakaa chini ya kikombe, jeupe, limejitenga. Mimi hutoa mara tatu kila upande baada ya mvua, na sijawahi kuona ni kupoteza muda.

Bi Somoe Mikindani

Kaka Shangani, kazi yangu ni uhasibu, ndege sizijui, ila nimeziangalia saa zako 90. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni msimu wa mvua huku kwetu. Je, utakwenda Nachingwea mara mbili kila mwezi? Na wakati wa minada ya korosho, Oktoba na kuendelea, utatoka ofisini? Nimeondoa safari nilizoona hazitawezekana, zimebaki saa 60. Kwa saa 60:

gharama za kudumu, 12,000 gawa kwa 60, dola 200. Mafuta dola 96. Injini kwa miaka 12 ni saa 720, kwa hiyo dola 50. Jumla dola 346 kwa saa, zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka.

Sasa mkiwa wanne, kila mmoja saa 60, ndege inaruka 240. Kwa 172 hiyo hiyo: gharama za kudumu 50, mafuta 96, na injini inafika saa 2,000 kabla ya miaka 12, hivyo 18. Dola 164. Kwa 206, tuseme gharama za kudumu 20,000 na kufumua injini 55,000: za kudumu 83 kwa saa, mafuta 174, injini 32. Dola 289. Yaani 206 kubwa ya watu wanne ni rahisi kwa saa kuliko 172 ndogo ya mtu mmoja. Makadirio ya 172 ni yenu, hizo 20,000 na 55,000 za 206 nimekisia, mengine nimegawanya tu.

Mkataba ndio utakaowaponza. Msimu wa korosho wote wanne mtataka ndege siku moja. Andikeni mapema nani anatangulia, nani analipa ikigongwa, na anayetaka kutoka anauza kwa nani. Na fedha ya injini ikae akaunti yake, saini mbili, kila mtu aweke kila mwezi hata kama hajaruka.

Mwana Shangani

Asanteni sana, hasa Babu. Nilimwomba muuzaji picha za kurasa zote za daftari la injini. Kuanzia 2017 mpaka 2023 imeruka saa 41. Jumla yake ni 1,150, na ndiyo namba aliyoiandika kwenye tangazo kwa herufi kubwa. Nimemwambia siendelei.

Nitaendelea kukodi mwaka huu na Dar nitapanda ndege ya abiria, huku naandika kila safari ambayo kweli ningeiruka. Kuna daktari mmoja na wafanyabiashara wawili wa hapa tumeanza kuzungumza. Tunafikiria 172 ya pamoja kwanza, 206 baadaye. Fundi, tukiipata yenye saa nyingi lakini inayoruka kila wiki, utakuja nasi kuiona?

Fundi wa Kiwanjani

Nitakuja. Mwambieni muuzaji asibadilishe oili kabla sijafika, filta nataka kuikata mwenyewe.