Kipunji: niwapeleke wanafunzi Rungwe au Udzungwa?

Mwl_Baiolojia

Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha baiolojia katika sekondari moja hapa Mbeya mjini na ndimi mlezi wa klabu ya Malihai, ile ya wanafunzi ya uhifadhi wa wanyamapori. Mwaka huu kidato cha tatu wamekomaa na jambo moja: wanataka kumwona kipunji, yule kima wa msituni wa milima yetu. Mlima Rungwe wanaupita kila wakienda Kyela kwa bibi na babu zao, lakini nilipouliza darasani nani amewahi kuingia msituni, hakunyoosha mkono hata mmoja.

Ninachojua ni kwamba kipunji anapatikana Tanzania tu, na kwa sehemu mbili: huku kwetu Rungwe na misitu ya Livingstone hadi upande wa Kitulo, halafu msitu wa Ndundulu kule Udzungwa. Sasa twende wapi, na mwezi gani? Watamwona kweli au tutarudi na picha za majani? Basi la shule lipo, mafuta tutachanga. Kuna mzazi ameniambia waziwazi kuwa hatoi mchango ili mwanawe akaangalie nyani, kwa kuwa nyani wamejaa barabarani Mikumi na wanaonekana bure. Nataka nimjibu kwa heshima na kwa jambo la uhakika.

Sanga_wa_Makete

Mwalimu, mimi ningesema Kitulo. Ile ilitangazwa hifadhi ya taifa 2005 kwa sababu ya mimea yake, na wenyeji tunaiita Bustani ya Mungu. Januari na Februari orkidi zimefunguka kila upande, na kwa kuwa uwanda uko wazi, watoto hawahitaji kukesha wakimtafuta mnyama juu ya mti. Tatizo ni kwamba maua yanakuja na mvua. Njia ya Isyonje kipindi hicho ni tope, basi la shule msithubutu. Na masweta, tafadhali. Ule uwanda uko mita 2,600 juu ya bahari, baridi yake haina utani.

Mkulima_Bujingijila

Ugonile mwalimu. Mimi ni mama mkulima upande wa Bujingijila, pale Mlima Rungwe unapotazamana na misitu ya Livingstone. Shamba letu limepakana na bikoni za hifadhi. Watafiti na wageni nimeshawaongoza, na kipunji wenyewe nawafahamu vizuri maana wanakula mahindi yetu.

Usiwaahidi watoto kwamba watamwona. Waambie wakijaliwa watamsikia, na kwamba kusikia nako kuna kazi yake. Hawa wanakaa juu kabisa ya miti mirefu, kundi moja linaweza kufika thelathini au zaidi, na wakihisi binadamu wananyamaza wote kwa pamoja. Unaweza kusimama chini yao usijue. Dume akishtuka ndipo anapotoa ule mlio wake, mzito, wa kukatakata, kama honi ya lori iliyochanganyika na mbwa anayebweka. Hakuna kima mwingine msituni humu anayelia hivyo. Mbega ananguruma alfajiri na sauti yake inavuka bonde zima. Kipunji lazima uwe karibu naye kidogo.

Mmoja nilimwona kwa karibu sana, asubuhi ya Mei, mahindi yakiwa yamekomaa. Alikuwa amekaa kwenye kisiki ukingoni mwa shamba. Manyoya yake ni marefu, ya kahawia, na siku ile yalikuwa yamelowa umande mpaka yameshikana. Uso mweusi. Nywele za utosini zimesimama wima, na mkia mrefu unaoishia na weupe wa maziwa yaliyoganda. Alishika hindi kwa mikono miwili, akavuta maganda kwa meno akiyashusha chini moja moja, akala upande mmoja, akatupa, akachukua jingine. Hakuwa na haraka yoyote mpaka mbwa wa jirani alipofika. Yale manyoya si ya urembo, mwalimu. Huku juu usiku wa Juni na Julai unashuka mpaka kwenye barafu, na yeye analala nje.

Huyo mzazi mjibu hivi. Nyani wa Mikumi wapo pia Kenya, Zambia, Malawi na kwingineko. Huyu wetu wataalamu walisikia habari zake kwa wazee wa Kinyakyusa mwanzoni mwa 2003, wakawa hawana hakika kama ni mnyama kweli au ni wa kwenye hadithi, mpaka Desemba mwaka huohuo walipomwona vizuri. Mwaka uliofuata, timu nyingine iliyokuwa Ndundulu ikamkuta huko nayo, bila kujua habari za huku. Walipotangaza 2005, dunia nzima ilishangaa kwamba kima mkubwa namna hiyo alikuwa bado hajaandikwa popote, ilhali babu zetu walikuwa wanamfahamu.

Na hapa ndipo ninapotaka watoto wako wasikilize sana, kwa sababu jambo hili wageni wengi hawaambiwi. Uthibitisho kwamba kipunji ni wa pekee ulitoka shambani. Mwaka 2005 mkulima mmoja huku Rungwe alimkuta dume mchanga amekufa kwenye mtego uliotegwa kulinda mahindi. Ule mwili ndio uliopimwa vinasaba. Mwanzoni walikuwa wamemweka kundi moja na kima wengine wa msituni, lakini vipimo vikaonyesha yuko karibu zaidi na nyani, na mwili wake haufanani na wa nyani. Basi 2006 akapewa kundi lake peke yake la kitaalamu (jenasi), Rungwecebus, na ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923.

Mimi yule mkulima siwezi kumtupia jiwe. Mahindi ni ada ya shule na ndiyo chakula cha nyumbani. Lakini nikifikiri kwamba hesabu iliyotangazwa 2008 ilitaja kipunji 1,117 tu, na kati yao 1,042 ni wa huku kwetu, naona kila mtego ukingoni ni mzigo mzito. Mara nyingi tanzi zenyewe hata hazikutegwa kwa ajili yake; zinategewa funo na minde, yeye akishuka chini ananaswa. Minde naye, kwa taarifa ya klabu yako, ni swala wa msituni ambaye hayupo nchi nyingine yoyote.

Kwa hiyo ukija Rungwe, usiishie kwenye njia ya kupanda kileleni. Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, hekta zaidi ya 13,000, chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na njia ni nzuri. Ila walete watoto Bujingijila waone kwa macho yao jinsi msitu ulivyobana. Upande huu Rungwe, upande ule Livingstone, katikati shingo nyembamba iliyokatwakatwa zamani kwa mbao, mkaa na mashamba. Kipunji hapendi kuvuka penye uwazi. Shingo ikikatika kabisa, wa Rungwe watabaki kuzaana wenyewe kwa wenyewe mlimani kwao. Miti ya asili imepandwa pale, mingine imeshampita mtu mzima kwa urefu. Watoto wapite katikati yake, waguse, waulize. Hiyo ndiyo baiolojia.

Kijana_wa_Kilolo

Kamwene mwalimu. Naunga mkono aliyosema mama hapo juu. Kwa kipunji, Udzungwa si mahali pa kupeleka wanafunzi. Ndundulu iko ndani mno. Wanaokwenda huingilia Udekwa, wilaya yetu ya Kilolo, na ni safari ya kubeba mahema na kutembea na askari wa hifadhi. Na ile hesabu ya 2008 iliwakuta 75 tu huko. Kupeleka basi zima la kidato cha tatu kwenye kundi dogo namna hiyo mimi sioni sawa.

Mkipata nafasi nyingine, nendeni Mang'ula, upande wa Morogoro. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992 na ina kilomita za mraba 1,990. Kuna maporomoko ya Sanje, mita 170, na kuna mbega mwekundu ambaye ni wa Udzungwa tu. Huyo wanafunzi watamwona, haogopi watu sana. Njia ndefu, mnapita Iringa mpaka Mikumi halafu mnakata kushuka Kidatu, mtalala.

Halafu darasani wafundishe habari za chura wa Kihansi, maana nayo ni ya milima hiihii. Chura mdogo wa njano, anazaa watoto badala ya kutaga mayai. Aligunduliwa 1996 kwenye kipande kidogo cha korongo kilicholoweshwa na manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme likachukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakakauka. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia, na vyura wakaanza kurudi, kisha ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukaingia. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliosalia walikuwa wanafugwa Marekani, na uzao wao ulianza kurudishwa nchini 2010, kisha wakaachiwa tena Kihansi 2012. Mpaka leo hao vyura wanategemea mabomba. Mimi nikisimulia hii huwa nasikitika, maana umeme tunauhitaji kweli, na chura naye hakuwa na kwingine pa kwenda.

Mwl_Baiolojia

Asanteni sana wote. Mama, nimemsomea yule mzazi maelezo yako kwa simu, na amesema atachangia. Tumeamua Rungwe. Lakini binti mmoja darasani, kwao wanalima Busokelo, ameuliza swali lililonishinda: kama kipunji anakula mahindi ya watu na mkulima halipwi kitu, kwa nini asitege? Na je, likizo ya Juni inafaa?

Mkulima_Bujingijila

Huyo binti ameuliza swali lenyewe, mpe pongezi zangu. Kulipwa, ninachosikia redioni ni kifuta jasho cha tembo na wanyama wakali. Wa kima sijaona mtu huku amepewa. Kwa hiyo tumejipanga wenyewe. Mahindi tumeyasogeza karibu na nyumba, ukingoni tumepanda pareto, ambayo hawaigusi, na jirani yangu ana chai. Msimu wa mahindi kukomaa tunapokezana zamu za kuwinga tangu alfajiri, vijana na mbwa wao. Inachosha. Ninachodai mimi, na nimekisema kwenye mkutano wa kijiji mbele ya viongozi, ni kwamba mgeni akilipia kuingia msituni, sehemu ya fedha hiyo ifike kwa anayelinda ukingo, hata ikiwa ni kwa kununua mbegu za pareto. Na tusisahau maji. Vijito vyetu vya kumwagilia na vya majumbani vinatoka humo msituni, vinashuka mpaka mto Mbaka na Kiwira hadi Ziwa Nyasa. Ndugu za huyo binti huko Busokelo nao wanaishi kwa maji ya milima hii.

Juni inafaa sana. Mvua imekwisha, njia zimekauka, ila asubuhi kuna ukungu na baridi kali, waje na makoti na viatu vya kufunga. Nguo nyekundu na za kung'aa waziache. Spika za muziki zibaki kwenye basi. Chakula wasiwarushie wanyama hata kidogo, maana kima akizoea mkate wa mwanafunzi atakuja kuutafuta nyumbani kwangu. Msiingie wote kwa pamoja. Wagawe makundi madogo, kila kundi na mwongozaji wake, wengine wakiwa huku Bujingijila kwenye miti iliyopandwa.

Kibali anza nacho mapema. Andika barua ya shule kwa ofisi ya TFS Tukuyu, taja idadi ya wanafunzi na tarehe, uliza kiwango cha wanafunzi kwa sababu si sawa na cha wageni kutoka nje, na malipo yafanyike kwa kontrol namba, usimpe mtu fedha mkononi. Ukishapata jibu nijulishe hapahapa, ili niiambie kamati ya maliasili ya kijiji iwapangie waongozaji. Na yule binti wa Busokelo mwache aongee na wakulima wa hapa mwenyewe, tutamtengea muda.