Gari linavuta kushoto baada ya kugonga kingo ya mtaro, alaimenti haijasaidia

Mzee wa Pasua
Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, natumia Toyota IST. Wiki mbili zilizopita pale Majengo bajaji ilinikatia mbele, nikaikwepa, tairi la mbele kushoto likagonga kingo ya zege ya mtaro. Spidi haikufika hata 30. Bampa halina mkwaruzo, nikamshukuru Mungu nikaondoka. Mwenye bajaji naye aliondoka, tena kabla yangu.

Tangu siku ile usukani unakaa umelala kulia hata kwenye njia iliyonyooka. Nikiuachia, gari linavuta kushoto. Kwenye matuta nasikia "tok" moja chini ya miguu ya abiria wa mbele, yaani upande wa kushoto. Nimefanya alaimenti (kupima na kunyoosha mkao wa matairi), usukani umenyooka, ila kuvuta kuko palepale. Fundi anataka nirudie, nilipe tena. Arusha naenda mara mbili kwa wiki, na nikishuka mteremko wa Kikafu nashika usukani kama mtu anayeswaga ng'ombe mkaidi. Nisaidieni.

Kijana wa Njiro
Upepo umepima? Tairi likipungua upepo linavuta hivyohivyo.

Mzee wa Pasua
Nimepima, ya mbele yote yana 32.

Spana 17
Pole mkuu. Usirudie alaimenti, utachoma hela. Kwa IST pale mbele fundi anachokaza na kulegeza ni tairodi, kile chuma kinachotoka kwenye usukani kwenda kwenye tairi, na hiyo inanyoosha usukani tu. Kuvuta ni habari nyingine: kuna chuma kimepinda, na mashine ya alaimenti haikunji chuma. Karatasi aliyokupa inasemaje kuhusu mlalo wa tairi?

Mzee wa Pasua
Kulia ni hasi nusu nyuzi. Kushoto ni chanya nyuzi 1. Ameniambia "hiyo ni kawaida".

Spana 17
Kawaida gani hiyo! Tairi la kushoto limelala kwa nje juu, maana yake chini limesukumwa ndani. Mshukiwa wa kwanza ni wishiboni, ule mkono wa chini unaoshika tairi, wa pili shokapu, wa tatu ile nako inayoshika beringi.

Fanya hivi mwenyewe kabla hujaenda kwa mtu. Simamisha gari mahali tambarare, usukani umenyooka. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya rimu ya mbele hadi katikati ya rimu ya nyuma, pande zote mbili. IST ya toleo la kwanza ni sentimita 250. Halafu piga jeki, weka stendi (jeki peke yake usiiamini), shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, ni boljointi (kiungo cha mwisho wa wishiboni, kinachoshika nako) au beringi. Shika kushoto na kulia: likicheza, angalia tairodi.

Mama Wawili
Mimi waliwahi kuninyooshea tairodi kwa nyundo, eti "itadumu". Kabla ya mwezi kuisha niko Kwa Sadala nasubiri breki dauni. Usikubali chuma cha usukani kupashwa moto wala kupigwa nyundo wala kuchomelewa.

Mzee wa Pasua
Nimepima. Kulia 250. Kushoto 248 na nusu! Nimerudia mara tatu, mke wangu kashika upande wa pili wa futi. Juu na chini tairi linacheza kidogo, unasikia ile "tok" kabisa.

Spana 17
Basi jibu unalo. Wishiboni imerudi nyuma, tairi limerudi nayo, ndiyo maana linavuta kushoto. Na boljointi imelegea. Badilisha wishiboni pamoja na boljointi, mwambie fundi akague krosmemba (chuma cha kukingama chini ya injini) pale bushi ya nyuma ya wishiboni inapofungwa, kama bolti imehama sehemu yake utaona rangi imekwanguka. Spea za mtumba zipo, lakini wishiboni ya mtumba ilaze sakafuni kwanza pembeni ya ile ya kulia, ulinganishe. Alaimenti iwe ya mwisho.

Hiyo boljointi ikichomoka, tairi linalala chini ya gari. Usitoke nalo nje ya mji.

Mzee wa Pasua
Nimeelewa mkuu. Alhamisi Arusha naenda na Costa.